Barua ya wazi kwa halmashauri yetu: ngitili iliyofungwa ni ardhi inayotumika

Kwa:
Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani,
Mkurugenzi Mtendaji,
Maofisa wa Ardhi, Misitu na Mifugo.

YAH: NGITILI ZETU KUANDIKWA "ARDHI ISIYOTUMIKA"

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani baada ya njia ya ofisini kugoma. Serikali ya kijiji imewaandikia. Kamati ya maliasili ya kijiji imewaandikia. Wazee wetu wamekuja wenyewe, wakakaa kwenye benchi la nje hadi saa za kazi zikaisha. Barua zetu zote zina muhuri wa kupokelewa na hakuna hata moja yenye jibu. Wakati tukisubiri, rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na humo ngitili ya kijiji pamoja na ngitili za koo kadhaa zimepakwa rangi ya njano. Maelezo ya rangi hiyo, chini ya ramani, yanasema: ardhi isiyotumika, akiba kwa kilimo na uwekezaji.

Najua baadhi yenu mmezaliwa Usukumani na mmechunga ndama ndani ya ngitili mkiwa wadogo. Lakini waliochora ramani huenda hawakubahatika, na barua hii itasomwa na watu wa kwingine pia, kwa hiyo mniruhusu nieleze kidogo.

Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba. Mifugo haiingii wakati nyasi zinakua, zinachanua na kuangusha mbegu. Mvua zikikatika, nyasi zinakaukia palepale zikiwa zimesimama, na hiyo ndiyo hifadhi yenyewe: hakuna kufyeka, hakuna kufunga mabunda, hakuna kujenga banda. Julai au Agosti, malisho ya nje yakiisha, ngitili inafunguliwa kipande kwa kipande. Kinachofuata hakiguswi mpaka cha kwanza kiliwe. Wanaotangulia kuingia ni maksai wa kulimia, ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na waliodhoofika. Maksai wanatangulizwa kwa sababu ndio watakaovuta plau mvua ya kwanza ikinyesha. Maksai akikonda Oktoba, shamba linachelewa, na mwaka unaofuata kaya inanunua chakula.

Mzee anayesimamia ngitili ya ukoo wetu hafungui kwa kalenda. Anachuchumaa, anashika shina la nyasi karibu na ardhi na kulipinda. Likivunjika kwa mlio mkavu, mbegu zimeshadondoka. Likilegea mkononi, anasimama na kuondoka, na hakuna atakayembembeleza. Kisha anafumua nyasi kwa vidole kutazama udongo: umefunikwa au uko wazi, maji ya mvua yalizama au yalipita yakachimba vijifereji. Palipo na vijifereji hapafunguliwi mwaka huo, hata kama nyasi za juu zinafika kiunoni. Hakuna fomu ya kazi hii. Ndiyo maana, nadhani, imeonekana si kazi.

Sasa nataja yanayotusumbua.

1. Kufunga kumeandikwa kama kutelekeza.

Wapima ardhi walikuja Februari. Yaani walikuja katika mwezi ambao ngitili haitakiwi kuwa na ng'ombe hata mmoja. Wakasimama ukingoni na kifaa chao, wakaona nyasi ndefu, vichaka vya migunga, hakuna zizi, hakuna jembe, hakuna mtu. Mmoja akauliza: "Hapa pana nini?" Kijana wetu akajibu, "Pamefungwa." Mpima akaandika "pa wazi" na safari ikaendelea. Ni kama kupita kwenye kaya mwezi wa sita, ukakuta kihenge kimejaa, ukaandika kwamba kaya hii haihitaji mahindi.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lisingekuwa na meno. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Na ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, haiko tena chini ya kijiji. Mnaelewa vizuri kuliko mimi neno hilo moja la "isiyotumika" linaweza kufungua mlango wa nani. Likishaingia kwenye mpango uliopitishwa, mtu yeyote mwenye andiko la mradi atalionyesha kama ushahidi, na ushahidi huo tutakuwa tumeutengeneza sisi wenyewe.

2. Mkutano mkuu wa kijiji haukuulizwa.

Hili halihitaji maneno mengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inautaka mpango wa kijiji upitishwe na mkutano huohuo. Tulichopata ni karatasi ya mahudhurio ya semina ya siku moja, iliyosainiwa na waliokula chakula cha mchana. Kuhudhuria semina si kuridhia.

3. Wapo wanaotaka kutusaidia kwa namna itakayotumaliza.

Tulipolalamika kwa mdomo, ofisa mmoja, na kwa nia njema kabisa, alipendekeza ngitili zetu zitangazwe kuwa misitu ya hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Zitakuwa salama, alisema. Tukamuuliza: na ng'ombe? Akasema ng'ombe hawaruhusiwi.

Hapo ndipo tatizo lilipo, waheshimiwa. Mbele ya ofisi ya ardhi, ngitili haina shamba, kwa hiyo haitumiki. Mbele ya ofisi ya misitu, ngitili ina miti, kwa hiyo ng'ombe ni adui. Mbele ya ofisi ya mifugo, ngitili ina miti mingi mno, kwa hiyo ifyekwe, ipandwe majani ya kisasa. Kila ofisi inaona theluthi yake na kutaka kuondoa theluthi mbili zilizobaki. Lakini ng'ombe na miti ndani ya ngitili vinategemeana. Ng'ombe na mbuzi wakila maganda ya mgunga wanatoa mbegu kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Miti inatia kivuli, nyasi za chini yake zinachelewa kukauka. Na miti yenyewe haipandwi: visiki na mizizi iliyobaki ardhini inachipua ikipewa nafasi, mwenye ngitili anachagua machipukizi ya kuacha na ya kupunguza. Ukimwondoa ng'ombe moja kwa moja, nyasi kavu zinarundikana mwaka hadi mwaka, na siku moto ukipita hautaacha kisiki wala chipukizi. Ukiondoa miti, unabaki na uwanja.

4. Tumeshapita njia hii, na mkoa unajua ilikoishia.

Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kupambana na mbung'o. Pamba ikafuata, ikataka mashamba. Kisha Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970 ikahamisha kaya mbali na maeneo yao ya kufungia. Mtu aliyehamishwa hawezi kulinda nyasi zilizo mwendo wa nusu siku. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, ile tuliyoiita HASHI, ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana kubaki katika mkoa mzima wa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mkoa mzima, ukijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu ambazo leo ziko Simiyu.

Kilichotokea baada ya hapo kinafundishwa vyuoni nje ya nchi, kwa hiyo inashangaza kwamba kinasahaulika hapa. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu vya miche waliyoichagua wao, mingine ya kigeni. Ikapandwa, ikala fedha, mingi ikafa. Ndipo wakaketi na wananchi na kuuliza wanataka nini, na jibu likawa ngitili. Programu ikageuza mwelekeo. Kufikia mwaka 2004, hekta zisizopungua 350,000 zilikuwa zimerudishwa au kuanzishwa upya katika vijiji 833, karibu nusu zikiwa za kaya na koo na zilizobaki za jumuiya. Sikatai kwamba fedha za Norway na mafunzo ya serikali vilisaidia sana. Ila hekta zile zilirudi kwa sababu watu waliacha kuingiza ng'ombe wakati wa mvua, kama walivyofundishwa na babu zao, na kwa sababu serikali kwa mara ya kwanza haikuwazuia.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Wizara ya Maliasili na Utalii na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ulikadiria thamani ya ngitili kuwa wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa, mboga za porini, uyoga, malisho. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini, kwa hesabu za wakati huo, ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Utafiti huohuo ulihesabu zaidi ya aina 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo ndani ya ngitili. Nauliza kwa heshima: ofisa aliyepaka rangi ya njano alisoma taarifa hiyo? Inahusu mkoa wake.

5. Ramani haijui udongo tunaoujua.

Sisi tunaigawa ardhi kwa udongo kuanzia mwinuko hadi bondeni: luseni ya kichanga inayolimika kwa urahisi, itogolo inayoshikamana ikikauka, mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi na kunata masika. Watafiti wa udongo tangu enzi za ukoloni waliyachukua majina haya wakayaweka kwenye taarifa zao, maana waliona yanafanya kazi. Ngitili nyingi za kijiji chetu ziko kwenye itogolo, na ziko huko kwa makusudi. Udongo ule ukilimwa mfululizo unatoa mavuno miaka michache, kisha unafunga uso na maji yanateleza juu yake. Rasimu yenu imeupa rangi moja na luseni, kwa sababu kutoka juu vyote ni tambarare.

6. Sheria ndogo yetu imelala.

Kwa muda mrefu ngitili zililindwa na dagashida, mkutano wetu wa kimila, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa mchenya, faini ambayo sungusungu, walinzi wa jadi, walihakikisha inalipwa. Nguvu hiyo imepungua. Vijana wa leo wanajua kwamba mahakamani mchenya hauna karatasi. Ndiyo maana tuliandika sheria ndogo ya kijiji, tukaipitisha kwenye mkutano mkuu kama Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inavyoelekeza, na kuileta kwenu ili Baraza la Madiwani liidhinishe. Haijawahi kuwekwa kwenye ajenda. Katika kipindi hiki cha kusubiri wameshaingia wachomaji mkaa, na tukiwakamata wanatuuliza ni sheria ipi wamevunja. Hatuna jibu, na karatasi yenye jibu iko kwenye kabati lenu.

Nimesikia majibu yanayotolewa pembeni, nami nayajibu hapa ili tusipotezeane muda.

Mtasema watu wameongezeka na ardhi ya kulima haitoshi. Ni kweli wameongezeka. Lakini ng'ombe wanaokula ngitili Agosti hawatatoweka ngitili ikilimwa. Watapita kwenye mashamba ya pamba na mpunga, au watahamia kusini, na wote tunajua magomvi ya wakulima na wafugaji yanakoanzia. Mkilima ngitili mtakuwa mmeongeza ekari chache na kesi nyingi.

Mtasema tatizo ni wingi wa ng'ombe. Na hapo tunakubaliana zaidi ya mnavyodhani. Ila nitajieni mahali pengine ambapo mfugaji anakaa chini kila mwaka, anatazama nyasi zilizopo na kuamua ni ng'ombe wangapi waingie na wangapi wauzwe. Mikutano ya kupunguza mifugo tumehudhuria mingi, na tulirudi nyumbani na idadi ileile.

Mtasema wazee hawana takwimu. Takwimu nimezitaja hapo juu, zilikusanywa na wizara yetu wenyewe. Aidha, nchi hii iliridhia Mkataba wa Bioanuwai mwaka 1996, na ibara yake ya 8(j) inataka maarifa ya jamii za wenyeji yaheshimiwe na kuendelezwa kwa ridhaa ya wenye maarifa hayo.

Mtasema ngitili ni za wenye ng'ombe wengi, na wasio na mifugo hawaambulii kitu. Hili ndilo jibu lenye uzito, na sitalikwepa. Zipo koo zilizofunga maeneo makubwa na sasa zinakodisha nyasi kwa wenye fedha. Wapo wajane waliofukuzwa wakiokota kuni mahali ambapo marehemu waume zao walisaidia kulinda. Mikutano ya mila, kwa kawaida, haikuwapa wanawake nafasi ya kusema, ingawa wao ndio wanaojua kuliko mwanaume yeyote ni mti gani umekauka na ni mzizi gani wa dawa umeanza kuadimika. Dawa ya tatizo hilo ni sheria ndogo ileile mliyoikalia: ina kifungu kinachompa kila mkazi haki ya kuni zilizokauka, nyasi za kuezekea na dawa, awe na ng'ombe au asiwe naye, na kinachotaka wanawake wawe sehemu ya kamati ya ufunguzi. Kuigeuza ngitili kuwa ardhi ya mwekezaji hakutampa mjane mzigo wa kuni hata mmoja.

Kuna jingine jipya, nalitaja kwa ufupi. Wameanza kufika watu wanaozungumzia biashara ya hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa na miti, wengine wakiwa na mikataba iliyokwisha kuchapwa. Hatuikatai biashara hiyo. Tangu mwaka 2022 ina kanuni zake nchini. Tunachokataa ni mkataba wa miaka mingi juu ya miti iliyotunzwa na kijiji, ukasainiwa wilayani na watu wasiojua ngitili inafunguliwa lini.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Rasimu ya mpango isimamishwe, na ngitili zote, za kijiji, za koo na za kaya, ziandikwe kwa jina lake, zikiwa malisho ya msimu yenye miti. Maneno "ardhi isiyotumika" yafutwe.

(b) Upimaji urudiwe mara mbili, mara moja masika na mara moja kati ya Agosti na Oktoba, wapimaji wakiongozana na wanaosimamia ufunguzi, wakiwamo wanawake.

(c) Sheria ndogo yetu iwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza. Ikikataliwa, tupewe sababu kwa maandishi ili turekebishe.

(d) Wenye ngitili za kaya na koo wasaidiwe kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na ngitili ya kijiji isajiliwe kama ardhi ya jumuiya. Hapo ile hoja ya kwamba hakuna nyaraka itakuwa imejibiwa na ofisi inayoitoa.

(e) Maofisa wa ardhi, misitu na mifugo waje kijijini pamoja, siku moja, gari moja. Tumechoka kupokea maelekezo matatu yanayopingana juu ya eneo moja.

(f) Pasiwepo mkataba wowote wa uwekezaji au hewa ukaa juu ya ngitili kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuujadili ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili.

Nakala ya barua hii imepelekwa kwa kila mjumbe wa Baraza kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Kikao cha Baraza ni cha wazi kwa wananchi. Tutakuja kukisikiliza, wazee kwa vijana, na tutabeba nakala za barua zote za awali zikiwa na mihuri yenu. Mkipenda kutujibu kabla ya hapo, afisa mtendaji wa kijiji anajua tulipo. Mkipenda kuja kuona, njooni Septemba, mpite kwanza kwenye malisho ya nje kisha muingie ndani ya ngitili, na huyo aliyeandika "pa wazi" aje naye.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mfugaji,
kwa niaba ya wenye ngitili na kamati ya maliasili ya kijiji chetu,
Usukumani.